Milango Mitatu ya Vivumishi vya Mkopo: Hoja Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba vivumishi vya lugha hii ni vya makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vivumishi vyenye asili ya Kibantu, kama vile -zuri, -refu, -kubwa na -chafu, ambavyo hupokea kiambishi awali kulingana na ngeli ya nomino inayovumishwa. Kundi la pili ni la vivumishi vilivyokopwa, hasa kutoka Kiarabu, kama vile safi, ghali, rahisi, tayari, kamili na dhaifu, ambavyo hubaki na umbo moja katika ngeli zote. Maelezo haya yamo katika sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, na yamerudiwa, kwa maneno yanayokaribiana sana, katika vitabu vingi vya shule na vyuo vilivyofuata.

Kama maelezo ya jumla, kanuni hiyo ina manufaa yake. Tatizo linaanza pale inapogeuzwa kuwa sababu, yaani pale mwanafunzi anapoambiwa kuwa neno safi halipokei kiambishi kwa kuwa ni neno la kigeni. Kuanzia hapo etimolojia inafanywa kuwa sheria ya sarufi, na mzungumzaji anayesema watoto wasafi anahesabiwa kuwa amekosea, tena kosa la mtu wa bara asiyeijua lugha.

Makala haya yanadai kwamba ugeni wa neno si sababu ya kutopatana kwake. Jambo linaloamua ni mlango wa kisarufi ambao neno liliingilia katika kundi la vivumishi: mlango wa nomino, mlango wa kiarifu au mlango wa kitenzi. Hoja hii inajengwa kwa kuangalia maneno ya sifa yaliyosafiri katika njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji na Manyema, kwa kuwa maneno hayo yanaonyesha vizuri namna sifa zilivyozaliwa kutokana na majina ya watu, lugha ya bidhaa na vitenzi.

2.0 Kanuni ya Ugeni na Upungufu Wake

Kama neno safi lingekuwa bado geni katika mfumo wa Kiswahili, lingetarajiwa kukataa mofolojia ya Kiswahili kwa jumla. Hali haiko hivyo. Mizizi hii ya mkopo huunda nomino dhahania kwa kiambishi u- bila kipingamizi chochote: usafi, urahisi, utajiri, udhaifu, ukamili. Vilevile huunda vitenzi vya kutendesha kama ifanyavyo mizizi ya Kibantu. Linganisha:

(1) a. -refu > refusha. -Fupi > fupisha
    b. safi > safisha; rahisi > rahisisha; kamili > kamilisha; imara > imarisha; sahihi > sahihisha

Mofolojia inayozalisha rahisisha ni ile ile inayozalisha fupisha. Neno lililokwisha kupokea kiambishi tamati cha utendeshi, na kupokea u- ya udhahania, haliwezi kusemwa kuwa bado linasimama nje ya nyumba. Linachokosa ni kiambishi kimoja tu, kile cha upatanisho, na kukosa huko kunahitaji sababu yake mahususi.

Umri wa mkopo nao hauelezi jambo hili. Neno rahisi linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha bei ya chini, na maana hiyo ingali hai katika kirai bei rahisi. Hata hivyo, neno hilo limepanuka kimaana hata kufika mahali pa neno -epesi: leo husemwa kazi rahisi, swali rahisi, njia rahisi, bila wazo lolote la fedha. Neno lililosafiri umbali huo kimaana limekaa katika lugha kwa muda mrefu, lakini umbo lake halikubadilika. Basi ukale haukulipa kiambishi.

Ushahidi mzito zaidi dhidi ya kanuni ya ugeni ni mizizi ya Kiarabu ambayo hupatana. Mfano (2) unaonyesha mzizi mmoja ukiwa na vivumishi viwili:

(2) a. mpango kamili / mipango kamili / maisha kamili
    b. mpango mkamilifu / mipango mikamilifu / maisha makamilifu

Kamili na -kamilifu ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Mmoja hapatani, mwingine hupatana na kila ngeli. Kama asili ya kigeni ndiyo ingekuwa sababu, ingewazuia wote wawili.

3.0 Njia ya Misafara na Lugha ya Sifa

Kabla ya kuingia katika milango yenyewe, inafaa kukumbuka mazingira ambamo maneno haya yalienea. Maneno mengi ya mkopo yanayojadiliwa hapa hayakuingia Kiswahili kwa mara ya kwanza katika bara. Yaliingia pwani, katika uhusiano wa karne nyingi wa kidini na kibiashara. Lakini karne ya 19 iliyabeba maneno hayo hadi kwa wasemaji wapya. Burton na Speke walipofika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walipokelewa na wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamekwisha kujenga makazi hapo, katika nchi ya Unyanyembe. Stanley alifika mwaka 1871, na Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho. Kwa upande wao, Wanyamwezi hawakungoja wageni wawafuate: walikuwa wasafiri na wachuuzi waliokwenda pwani wenyewe, na ndio waliokuwa uti wa mgongo wa upagazi.

Katika njia hiyo watu walihitaji kupimana na kupima mali. Nani ana mali na nani hana, nani ni mtu wa mji na nani si wa mji, nguo ipi ni ya bei kubwa, mzigo upi umekwisha kufungwa: hizo ndizo sifa zilizotajwa kila siku. Kiswahili, kama lugha nyingine za Kibantu, kina mizizi michache ya vivumishi vya asili. Kwa hiyo haja ya maneno ya sifa ilitimizwa kwa njia nyingine, na njia hizo ndizo zinazofafanuliwa hapa chini.

4.0 Milango Mitatu

4.1 Mlango wa nomino

Neno tajiri ni mfano ulio wazi. Katika Kiarabu neno chanzi ni jina la mfanyabiashara. Katika Kiswahili cha misafara tajiri alikuwa mtu: mwenye mali pwani, aliyetoa bidhaa kwa mkopo na kungojea pembe. Maana hiyo haijafa. Hata leo dereva na utingo wa daladala humwita mwenye gari tajiri, wala hawana haja ya kujua kama mtu huyo ana fedha nyingi au la. Likiwa nomino, neno hili lina wingi wake: matajiri.

Kutoka kuwa jina la mtu, neno lilipita katika kirai chenye nomino mbili zilizokaa sambamba, mtu tajiri, yaani mtu ambaye ni tajiri, kisha likasomwa kama sifa. Hatua ya mwisho ya safari hiyo inathibitishwa na kirai nchi tajiri. Nchi si mfanyabiashara, na wingi wake hausemwi *nchi matajiri. Hapo tajiri ni kivumishi kamili. Kwa upande mwingine, anayesema watu matajiri hajatumia kiambishi cha upatanisho, kwa kuwa ngeli ya watu haidai ma-. Ametumia wingi wa nomino. Nomino ya zamani ingali inaonekana ndani ya kivumishi. Kutopatana kwa tajiri, basi, ni urithi wa unomino wake: nomino ina ngeli yake yenyewe na haiazimi ya jirani.

Maneno mawili mengine ya njia ya misafara, muungwana na mshenzi, yalipita mlango huo huo lakini yakiwa na kiambishi m-. Yote mawili yalikuwa majina ya tabaka. Watu wa pwani na wafuasi wao walijiita waungwana, na wakawaita watu wa bara washenzi. Jina la Kingwana, lililopewa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, limetokana na waungwana hao. Kwa kuwa nomino hizi zilikuwa tayari na m- na wa-, kupita kwao kuwa vivumishi kulionekana kama upatanisho wa kawaida: mtu muungwana, watu waungwana. Lakini zinapohusu vitu, -ungwana hurudi kwenye njia nyingine: husemwa tabia ya kiungwana na maneno ya kiungwana. Neno limepata upatanisho katika ngeli ya watu, na kwa vitu linategemea a- unganifu.

Ziko pia nomino zisizovuka kabisa. Mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958, ambao ulikubali chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, umeingia katika historia ya nchi kwa jina la Uamuzi wa Busara. Busara ni nomino ya mkopo kama alivyokuwa tajiri, lakini haikuwa kivumishi, kwa kuwa a- unganifu inafanya kazi yote: uamuzi wa busara, maamuzi ya busara, neno la busara. Upatanisho unabebwa na -a, na nomino inabaki salama nyuma yake. Kwa hiyo mlango wa nomino hauwalazimishi wote wanaoukaribia kuingia.

4.2 Mlango wa kiarifu

Kundi la pili ni la maneno yaliyoanza kutumika baada ya kiima, katika nafasi ya kiarifu, kabla ya kuzoeleka karibu na nomino. Tayari ndiyo mfano wake bora. Tazama tungo hizi:

(3) a. Mzigo u tayari.
    b. Mizigo i tayari.
    c. Chakula ki tayari.

Katika tungo hizi upatanisho haukukosekana. Umebebwa na kitenzi kishirikishi u-, i- na ki-, na kuurudia katika tayari kungekuwa ziada. Ndivyo yalivyo pia maneno hai na uchi katika yu hai na yu uchi, na hata nomino ya kawaida macho katika yu macho, yenye maana ya kutolala. Hakuna anayemlaumu macho kwa kutopatana na mtoto katika tungo mtoto yu macho. Inaeleweka kwamba ni nomino iliyofanywa kiarifu.

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Katika Kiingereza maneno asleep na alive hayapendi kukaa kabla ya nomino kama vivumishi vingine vya lugha hiyo, na wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kusahihishwa kwa kuyaweka hapo. Sababu ni ya kihistoria: maneno hayo yalianza kama virai vyenye kihusishi, on slæpe na on life katika Kiingereza cha kale, yaani katika usingizi na katika uhai. Kihusishi kilichakaa kikawa a-, kirai kikawa neno moja, lakini mazoea ya kukaa katika kiarifu yalibaki. Hakuna mwanaisimu anayeeleza tabia ya asleep kwa kusema ni neno geni, kwa maana ni la asili kabisa. Huelezwa kwa njia liliyopitia. Maneno ya Kiswahili yanastahili maelezo ya aina hiyo hiyo.

Katika mlango huu biashara ilikuwa na nafasi yake ya pekee. Nomino nyingi za bidhaa na shughuli za njiani zimo katika ngeli ya N: nguo, shanga, pembe, bei, chumvi, bidhaa, safari. Katika ngeli hiyo vivumishi vya asili vinavyoanza kwa konsonanti isiyo ghuna havionyeshi kiambishi chochote: nguo fupi, pembe kubwa, bei kali. Weka safi, hafifu au kamili katika nafasi hiyo, nguo safi, nguo hafifu, hesabu kamili, nawe huwezi kutambua kwa sikio lipi linapatana na lipi halipatani. Kwa hiyo katika mazungumzo ya mali, ambako maneno haya yalitumika sana, kutopatana kwao kulijificha nyuma ya umbo la ngeli yenyewe. Msemaji mpya hakuwa na kitu cha kumwonyesha kwamba safi lina tabia tofauti na fupi, mpaka alipohamia ngeli nyingine. Nukta hii itahitajika katika sehemu ya 5.0.

4.3 Mlango wa kitenzi

Kundi la tatu ni la mizizi iliyotoholewa kama vitenzi, au iliyokwisha kuzalisha vitenzi, kisha ikapokea kiambishi tamati -fu au -vu ambacho Kiswahili hutumia kuunda vivumishi kutokana na vitenzi. Kiambishi hiki ni cha asili na kina kazi pana: kauka hutoa -kavu, tulia hutoa -tulivu, changamka hutoa -changamfu. Mizizi ya Kiarabu iliyopita hapo imepata haki zote za vivumishi vya asili:

(4) a. amini > mtumishi mwaminifu, watumishi waaminifu
    b. tii > mtoto mtiifu, watoto watiifu
    c. sahau > mzee msahaulifu, wazee wasahaulifu
    d. stahimili > mti mstahimilivu, miti mistahimilivu

Hakuna mwalimu anayemkosoa mwanafunzi kwa kuandika waaminifu, ingawa mzizi wake ni wa Kiarabu sawa na ule wa safi. Mzizi umepita katika kitenzi, na kila kinachotoka katika mlango huo hutoka kimevaa kiambishi. Hiki ndicho kitendawili ambacho kanuni ya ugeni haiwezi kukitegua, na ambacho kanuni ya milango inakitegua bila taabu.

5.0 Mabadiliko Yanayoendelea: -safi na -dhaifu

Ikiwa vivumishi vina historia, basi historia hiyo haikukoma siku vitabu vya sarufi vilipoandikwa. Katika usemi wa leo wa Tanzania, mtoto msafi na watu wasafi ni virai vinavyosikika kila mahali, na Tabora ni mojawapo ya mahali hapo. Jina Wasafi, linalobebwa na lebo ya muziki na kituo cha redio vya Diamond Platnumz, linatamkwa nchi nzima bila mtu kushtuka. Virai chumba kisafi na maji masafi navyo husikika, ingawa hivi huwagutusha wasemaji wengi.

Tofauti hiyo kati ya wasafi na kisafi haikutokea kwa bahati. Makala haya yanapendekeza kwamba upatanisho huingia katika vivumishi vya mkopo kwa hatua, na kwamba hatua ya kwanza daima ni ngeli ya watu. Sababu ni kwamba viambishi m- na wa- vina kazi mbili: hupatanisha vivumishi, na pia huunda majina ya watu. Msafi, kabla ya kuwa kivumishi kilichopatana, ni nomino yenye maana ya mtu aliye safi, iliyoundwa kwa njia ya kawaida kabisa. Nomino hiyo hukaa sambamba na nomino nyingine, mtoto msafi, na hapo ndipo msikilizaji anapoisoma m- kama upatanisho. Hii ndiyo njia iliyopitwa na muungwana katika karne ya misafara. Hatua ya pili, ya kwenda kwenye vitu, huja baadaye, na si kila neno huifikia. Ndiyo maana anayekubali wasafi si lazima akubali visafi.

Nguvu ya pili inayosukuma neno safi ni mlinganisho. Safi na -chafu ni jozi ya kinyume inayotajwa pamoja nyumbani, shuleni na zahanati. Anayesema mchafu kwa upande mmoja huvutwa kusema msafi kwa upande mwingine. Kwa kuwa nguo safi na nguo chafu zina sura moja, kama ilivyoonyeshwa katika 4.2, daraja la kuvukia lilikuwa limekwisha jengwa.

Neno dhaifu linaonyesha nguvu ya tatu. Umbo lake la Kiarabu linaishia na f, na Kiswahili kililiongezea irabu u kama kinavyofanya kwa kawaida baada ya konsonanti za midomo. Matokeo yake ni mwisho unaofanana kabisa na kiambishi -fu cha -tiifu na -aminifu. Ni mfanano wa bahati tu, lakini msemaji hana kamusi ya Kiarabu kinywani. Anasikia -fu, anaelekea kulihesabu neno katika kundi la 4.3, na kusema mdhaifu na wadhaifu. Ndugu yake hafifu, mwenye mwisho huo huo, hajafuata. Hafifu husemwa zaidi juu ya vitu, kama mwanga hafifu na kitambaa hafifu, na kwa hiyo hakupata mlango wa ngeli ya watu. Tofauti ya maneno haya mawili inaunga mkono pendekezo la hatua lililotolewa hapo juu.

6.0 Hoja Kinzani

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu ni ya kiusanifu: kwamba kuruhusu wasafi ni kufungua njia ya *nyumba nghali na *vitu virahisi. Hofu hii haina msingi. Ghali na rahisi husemwa kwa kawaida juu ya bei, vitu na kazi. Havina jina la mtu la kuanzia. Mabadiliko ya lugha hayaendi kama mafuriko yanayochukua kila kitu kwa pamoja. Hufuata mifereji iliyokwisha chimbwa, na mifereji hiyo inaweza kuchorwa.

Hoja ya pili ni ya kijiografia, na ndiyo yenye uzito zaidi kijamii: kwamba maumbo haya ni matokeo ya Kiswahili kuharibiwa na watu wa bara, ambao hawakuupokea upatanisho wa pwani vizuri. Dai hili lina historia inayoeleweka. Steere alikusanya sarufi yake ya mwaka 1870 kutokana na usemi wa Unguja. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikaendelea kutoka hapo. Uamuzi huo ulikuwa na faida nyingi, lakini uliacha mazoea ya kuuona usemi wa bara kama upungufu tu. Ni vyema kukumbuka kwamba Steere huyo huyo aliacha pia mkusanyo wa Kinyamwezi kama kilivyosemwa Unyanyembe. Kinyamwezi ni lugha ya Kibantu yenye ngeli na upatanisho wa vivumishi kama Kiswahili. Mnyamwezi aliyejifunza Kiswahili njiani hakuhitaji kufundishwa upatanisho ni nini. Iwapo angeelekea kukosea, angeelekea kupatanisha zaidi kuliko pwani. Kusema wasafi ni kuongeza kiambishi, na kuongeza kiambishi hakuwezi kuitwa kurahisisha lugha.

Inafaa pia kukiri kwamba katika sehemu nyingine za bara mwelekeo ni wa kinyume. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, muzuri husikika hata pale ambapo usanifu ungedai kizuri au nzuri, na katika Kenya ya bara kitu mzuri si kirai kigeni masikioni. Hapo kivumishi cha Kibantu kimeelekea kwenye umbo moja, ilhali Tanzania kivumishi cha Kiarabu kinaelekea kwenye upatanisho. Wengi wa wasemaji wa pande zote mbili wana lugha za kwanza za Kibantu, hivyo lugha ya kwanza peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo. Mazingira ya kujifunzia lugha, nafasi ya shule, na kiasi cha mawasiliano na pwani ni lazima viingizwe katika maelezo. Lakini jambo moja ni dhahiri: jina moja la Kiswahili cha bara haliwezi kufunika mienendo miwili inayopingana, sembuse kuitwa kosa moja.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kutopatana kwa vivumishi vya mkopo hakutokani na ugeni wao. Tajiri hapatani kwa kuwa alikuwa nomino. Tayari halipatani kwa kuwa lilikuwa kiarifu kilichobebewa upatanisho na kitenzi kishirikishi. -Aminifu hupatana kwa kuwa ulipita katika kitenzi. Msafi anapatana kwa kuwa ngeli ya watu imemfungulia mlango wa pili baada ya wa kwanza.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, waandishi wa vitabu vya kiada, na Taasisi ya Elimu Tanzania inayosimamia mitaala, waache kutoa asili ya neno kama sababu ya tabia yake ya kisarufi. Inatosha kusema kwamba baadhi ya vivumishi havipokei viambishi, na kuonyesha mifano ya kamili na -kamilifu ili mwanafunzi auone utata wenyewe. Mwanafunzi wa Urambo au Sikonge aliyeandika wanafunzi wasafi anaweza kuelekezwa kwamba usanifu unapendelea wanafunzi safi. Hapaswi kuambiwa kwamba hajui lugha yake, kwa maana alilolifanya linafuata kanuni ya lugha hiyo hiyo.

Pili, kamusi zionyeshe, kwa kila kivumishi cha mkopo, kama kina umbo linalopatana katika ngeli ya watu na kama umbo hilo limefika kwenye vitu. Alama mbili fupi zingetosha, na zingempa mtafiti wa miaka 50 ijayo kumbukumbu ambayo watafiti wa leo hawakuachiwa.

Tatu, ziko maandishi ya enzi za misafara ambayo hayajasomwa vya kutosha kwa jicho la sarufi. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora na kuoa katika nyumba ya mtemi Fundikira, yalichapishwa na Brode kwa Kiswahili katika miaka ya 1902 na 1903. Safari za Wasuaheli, zilizokusanywa na Velten, zilitoka mwaka 1901. Maandishi haya yamesomwa sana kama historia ya biashara na utawala. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada angefanya kazi yenye faida kama angehesabu ndani yake kila kivumishi cha mkopo, nomino kinayoivumisha na nafasi kinayokaa, kisha akaenda Tabora, Kwihara na Ujiji kusikiliza jinsi maneno hayo hayo yanavyosemwa sasa. Hesabu hiyo ndiyo itakayothibitisha au kupinga mpangilio wa hatua uliopendekezwa hapa, na lolote kati ya hayo mawili litafaa kuliko kanuni inayorudiwa bila kuulizwa.